Donge Lenye Alama ya Kidole

Nta ikiyeyuka hainukii asali. Wanaosema inanukia asali hawajawahi kuichemsha. Inanukia moshi, inanukia gome la mti lililolowa, na chini ya hayo yote ina harufu ya nguo aliyolala nayo mtu. Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa Tabora, jambo lisilomshangaza mtu, na mishumaa ilikuwa imekwisha. Mjukuu wangu akachukua kipande cha nta ninachopakia nyuzi za kushonea, akakitia utambi wa pamba, akakiwasha ndani ya kifuniko cha kopo. Nikamwambia akizime. Akauliza kwa nini, nikamjibu kwamba moshi unaniumiza macho, akakizima huku ananung'unika. Macho yangu hayakuwa na shida yoyote. Ninyi nitawaambia ukweli, maana hamtakwenda kumsimulia mtu ninayemfahamu.

Tulikaa upande wa Sikonge, kando ya njia nyembamba ambayo wazee waliiita njia ya wapagazi. Babu yake baba aliipita akiwa na pembe ya ndovu begani, kwenda pwani na kurudi, mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Wakati wetu Waingereza walikuwa wamechonga barabara ya malori, pana, yenye mchanga, inayozunguka mbali kukwepa mabonde. Njia ya zamani ilibaki kwa wenye miguu na wenye haraka.

Baba yangu, Elia, alikuwa mrina asali. Kipupwe kikianza aliingia porini na wenzake, wakakaa kambini wiki nyingi wakitembelea mizinga ya magome waliyoitundika mitini, na alipotoka huko alikuwa mwembamba, mweusi wa moshi, na nyuki wamemchora uso. Asali waliiuza hapahapa kijijini na njiani. Nta aliipeleka Ng'ambo, mjini Tabora, kwa mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliyeitwa Bwana Nasoro. Nta hununuliwa kwa uzito, na mtu mwenye shida huweza kutia jiwe katikati ya donge wakati bado ni uji, likaganda nalo ndani. Wengi walifanya hivyo. Ndiyo maana Bwana Nasoro alikuwa na kisu kirefu pembeni ya mizani, na kila donge lililoletwa alilipasua kwanza. Madonge ya baba hakuyapasua. Aliyachukua kama yalivyo, akayapima, akalipa, na wenye madonge yao yaliyopasuliwa wakasimama wanatazama. Baba alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia mke wake, na mama yangu alikuwa mzuri.

Sasa niwaambie habari ya tumbo.

Kwetu mtoto aliye tumboni hakutajwa. Hakununuliwa nguo, hakutengewa pa kulala, hakuwekewa hata senti moja, kwa sababu kumwekea akiba ni kumtangaza, na ukimtangaza umewaonyesha alipo wale wanaomtaka. Wanaomtaka ni akina nani, Bibi, mama yake baba, hakutuambia, nami sikuuliza kwa sababu alikuwa na jicho la kumnyamazisha mtu. Mimba ya mama iliitwa tumbo la kuumwa. Majirani walipita kumpa pole ya tumbo. Mama alijibu kwamba tumbo halijambo, linaendelea, na tumbo lenyewe lilikuwa limefika mlangoni kabla yake. Wote walijua, na wote walikaza uso. Hata sisi Wakristo, tulioimba kanisani kila Jumapili, katika hili tulikuwa watu wa Bibi.

Mngeweza kucheka, na mimi nilicheka sana baadaye. Lakini nyuma ya zizi la mbuzi kulikuwa na vilima viwili vidogo vya udongo. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Walionifuata walikaa njiani siku nzima na zaidi, mama akilia mpaka sauti ikamwisha, na walipotoka hawakuwa hai. Yule wa pili mama alikuwa amemshonea kijishati. Bibi alikizika pamoja naye, na hakuna aliyethubutu kumwambia Bibi kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Safari hii, mvua zilipoanza, alipita kijijini dresa, yule mganga wa zahanati aliyekuwa akizunguka na sanduku la dawa kwenye baiskeli. Alimpapasa mama tumbo na nyonga, akamwambia bila kuzunguka kwamba mtoto huyu hatapita, kama wenzake walivyoshindwa kupita, na kwamba asingoje uchungu nyumbani. Mwezi wa mwisho awe mjini, karibu na hospitali yenye daktari wa kupasua. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nikasikia neno kupasua, nikadhani watampasua kama kuni.

Kukaa mjini mwezi mzima ni chumba cha kupanga, ni unga, ni kuni za kununua, ni sabuni. Sisi kuni tuliziokota. Mama alimwamini Bibi na alimwamini dresa, na mtu anayeamini mambo mawili yasiyopatana hapati usingizi. Nilimsikia akigeuka kitandani. Kisha akaanza kukusanya pesa kimya kimya, kwa namna ambayo mimi peke yangu niliiona, kwa kuwa nilikuwa na miaka kama tisa na kazi yangu ilikuwa kumfuata kila aendako.

Mvua ya kwetu huleta uyoga katika msitu wa miyombo, mwekundu, mweupe, na ule mpana unaotosha kufunika kichwa cha mtoto. Tuliuchuma alfajiri tukaupeleka barabarani kwa madereva wa malori. Mama akainama na kuinuka, akainama na kuinuka, mkono mmoja kiunoni, mpaka kuinama kukawa kazi yangu na kuinuka kukawa kwake. Sukari ikaisha nyumbani na haikurudi. Nguo tulifua kwa maji ya majivu. Khanga yake ya harusi ikatoweka, na Bibi alipoiulizia aliambiwa imeliwa na mchwa. Mchwa wa kwetu walisingiziwa mengi mwaka ule.

Senti kumi za wakati ule zilikuwa na tundu katikati. Mama alizitunga kwenye uzi wa gome moja baada ya nyingine, na shilingi chache za simba akazifunga katika kitambaa. Lakini aziweke wapi? Bibi alikuwa akipekua kila chungu kwa kisingizio cha kutafuta chumvi. Ukizichimbia chini, mbwa na kuku wanachimbua. Ukimwambia baba, umemtaja mtoto.

Siku moja baba akiwa kambini na Bibi yuko msibani, mama alichemsha makapi ya masega ya mwaka uliotangulia, akayachuja kwa gunia, akamimina nusu ya nta katika bakuli la udongo. Akangoja mpaka ikashika ngozi juu. Akalaza humo ule uzi wa senti, akaukunja duara, akaweka zile shilingi katikati, kisha akamimina nta iliyobaki. Pesa zikazama tukiziona. Kabla donge halijaganda sawasawa akalibonyeza juu kwa dole gumba, likabaki na shimo lenye mistari ya kidole chake.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Hujaona."

"Sijaona, mama."

Akalisukuma chini ya kitanda. Katika nyumba ya mrina asali hakuna anayeitazama nta, kama ambavyo hakuna anayetazama ukuta. Mpango wake, nadhani, ulikuwa kuliyeyusha mwezi ukifika, na kumwambia baba kwa maneno yoyote yatakayopatikana kwamba anaomba kwenda mjini kutibiwa macho.

Baba alirudi jioni moja, akamkuta mama amejilaza. Miguu yake ilikuwa imevimba. Baba akachuchumaa, akaibonyeza kwa kidole, na shimo likabaki. Alilitazama shimo lile mpaka likajaa tena.

"Tumbo linaendeleaje?" akauliza.

"Linaendelea," mama akajibu.

Hayo ndiyo mazungumzo yote ambayo mume na mke waliweza kuzungumza nyumbani kwetu. Bibi alikuwa amekaa pale pale, anachambua maharage.

Asubuhi niliamshwa na kengele ya baiskeli ikilia juu ya mawe ya uani, nikalala tena kwa sababu ya baridi. Jua lilipotoka mama alikuwa amepiga magoti chini, mkono mmoja ndani ya uvungu, anapapasa. Akautoa mkono mtupu, akauingiza tena. Kisha akakaa sakafuni. Baba alikuwa amefunga nta yake yote aliyoitoa porini, na lile donge la uvunguni akaliongeza, akaenda kuuza.

Mama hakulia. Alisimama, akatoka, akaelekea njiani kama aliyedhamiria kumfuata kwa miguu ile. Alifika kwenye zizi la mbuzi akashika mti. Akasimama hapo anapumua kwa mdomo, mbele ya vilima vile viwili. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima aliyeishiwa kabisa, na niliogopa kuliko nilivyoogopa fisi. Jirani yeyote mwenye nguvu, kama angetumwa, angeuliza kwa nini. Bibi alikuwa shambani kwenye viazi, na Bibi ndiye hasa asiyetakiwa kujua. Mama akaniita, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Pita njia ya wapagazi utamtangulia. Mwambie baba yako donge lenye alama ya kidole ni langu, si la kuuza. Ukiulizwa kwa nini, nyamaza. Hata wakikupiga, nyamaza."

Nilikimbia. Mchanga ulikuwa wa baridi kama maji, halafu ukawa vuguvugu, halafu ukaanza kuchoma. Mbung'o walinifuata kwenye vivuli, wakaniuma mgongoni ambako mkono haufiki. Mahali ambapo wapagazi walikuwa wakipumzika pana mawe yaliyokaa kwa mafungu matatu matatu, mafiga yao ya kale, na kwa kawaida mama alinikataza kuyapita bila kuyaamkia. Siku ile sikuamkia hata jiwe. Nilikuwa na kazi ngumu kichwani. Kama kumtaja mtoto ni kumuua, je, kumfikiria? Sikuwa na uhakika, kwa hiyo nilijilazimisha kufikiria mbuzi. Nilifikiria mbuzi wetu wote kwa majina yao, nikawarudia, na kila nilipowamaliza nilimkuta yule mtoto amekaa pale pale ananingoja. Nikalia huku nakimbia.

Nilipoiona mitende ya Waarabu nilijua mji umefika. Nikauliza njia mpaka Ng'ambo, na sikuwa nimemtangulia baba. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa barazani kwa Bwana Nasoro, bila mzigo.

Barazani alikuwepo mama mmoja mnene akikaanga vitumbua. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea tu, akaitikia marahaba, akanitazama miguu na kusema, "Huyu ametoka mbali." Nikaingia ndani. Dukani palikuwa na wanaume kadhaa wenye madonge yao, mengine yamepasuliwa kama viazi. Madonge ya baba yalikuwa yote juu ya mizani kubwa, ndani ya gunia lao, na Bwana Nasoro anasogeza jiwe la uzani. Kisu kilikuwa pembeni, hakukigusa.

Nikasema pale pale mlangoni, kwa pumzi iliyobaki, "Baba, mama amesema donge lenye alama ya kidole ni lake, si la kuuza."

Natamani ningelisema sikioni mwake. Lakini nilikuwa mtoto, nilikuwa nimelibeba neno lile asubuhi nzima, likanitoka lote. Watu wakageuka. Baba aligeuka pia, na uso wake ukawa wa majivu. Nikadhani amenikasirikia kwa kuja mjini peke yangu.

Bwana Nasoro hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameibiwa mara nyingi. Akaingiza mkono guniani, akapapasa mpaka akalipata lenye shimo la kidole. Akalipima kwenye kiganja. Akachukua jingine la ukubwa uleule, akalipima kwenye kiganja cha pili. Duka zima likaona mikono yake miwili haiko sawa.

"Elia," akasema taratibu, "miaka yote hii."

Akachukua kisu. Baba akaweka mkono wake juu ya donge. "Liache hilo, bwana. Mtoto amesema si la kuuza. Nitarudi nalo nyumbani."

"Lilikuwa mizanini kwangu."

"Naomba uliache."

Sauti ya baba ilikuwa ndogo. Sikuelewa. Mtu asiyepasuliwa nta yake kwa miaka, asiye na jambo la kuficha, mbona asiseme tu, pasua uone? Nilimwonea hasira. Bwana Nasoro akauondoa mkono wake kwa upole, akakandamiza kisu. Kikaingia, kikagonga kitu kigumu. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Jiwe hilo," kwa furaha ambayo sijamsamehe mpaka leo. Baba akafumba macho.

Bwana Nasoro akazungusha kisu, donge likaachana, na zikaonekana zile senti zenye tundu zimepangana ndani ya nta, na shilingi katikati yake. Watu wakasogea karibu. Kisha yule yule mwanamume akasema, "Nta ya Elia imezaa," wakacheka wote. Baba alifumbua macho, akazitazama pesa. Akakaa chini, sakafuni, katikati ya duka la watu, uso ndani ya mikono, mabega yanatikisika. Hapo nikajua tumekwisha.

Kicheko kilipoisha, Bwana Nasoro akauliza ni pesa za nani. Akauliza mara ya pili, na sauti ilikuwa imebadilika, kwa sababu mtu anayeficha pesa ndani ya nta na hawezi kusema ni za nani huwa amezitoa mahali. Duka moja la mjini lilikuwa limevunjwa mwezi ule. Mmoja akasema aitwe askari. Baba akainua kichwa, akasema, "Sijui." Ilikuwa kweli tupu, na mdomoni mwake ilisikika kama uongo.

Mimi ndiye niliyejua. Nilishika mdomo kwa mikono miwili, jamani, nilijiziba. Mama alisema nyamaza hata wakikupiga. Hakusema nifanye nini wakimchukua baba. Nilimwona askari asiyekuwepo, nilimwona baba amefungwa kamba, nilimwona mama ameshika ule mti wa zizini. Na mtoto akawa kichwani mwangu mzima mzima, mbuzi wote wamekimbia.

"Ni za mtoto," nikasema. "Mama ana mimba. Atakufa kama wale wengine asipokuja hospitali. Ni pesa za chumba." Nilipomaliza nikaanza kupiga mayowe, kwa sababu nilijua nimeshamuua.

Yule mama wa vitumbua akaingia na mwiko mkononi. Jina lake Bi Zaituni, nililijua baadaye. Alinivuta akanibana kwenye tumbo lake lenye joto la mafuta, akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akatema mate kidogo kando, kulia na kushoto, akanipangusa midomo kwa ncha ya khanga yake.

"Neno limesemwa Ng'ambo," akaniambia. "Huku hakuna anayemjua mama yako. Halina pa kwenda."

Bwana Nasoro alikusanya senti zile na nta yake iliyozishika, akazifunga katika karatasi, akampa baba. Nta nyingine akailipia. Hakusema samahani, wala baba hakuidai.

Tulirudi kwa njia ya zamani, mimi nimekaa kwenye bomba la baiskeli. Baba alisukuma. Kwenye mafiga ya wapagazi akasimama, akakaa, akaanza kukwangua nta kwa ukucha kwenye senti, moja, ya pili, kisha akaacha. Nikamuuliza kama nimemuua mtoto.

"Hapana," akasema. Baada ya muda akasema tena, "Wewe hapana." Halafu akazifunga.

Wiki zile zilizofuata simtakii hata adui. Mama alipoambiwa kilichotokea alijifunika uso kwa khanga, akakaa hivyo, kisha akaanza kufunga virago. Hapakuwa na la kuficha tena. Bibi alisema neno moja tu, kwamba basi, mimi nimeshamaliza yote, na hakula chakula nilichopakua mimi mpaka alipokaribia kufa mwenyewe. Tulipanga chumba kwa Bi Zaituni. Nikawa nateka maji kisimani, na kila nilipogeuka kutoka kisimani nilitazama kama kuna mtu anatokea mlangoni ameweka mikono kichwani. Mama hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Uchungu ulipoanza walimbeba kwenye machela. Baba alikuja kutoka kijijini, akakaa nami barazani hospitalini tangu asubuhi, kofia magotini, anaizungusha ukingo. Nilimsikia akiomba, na hakuwa akiomba mtoto aishi tu. Alikuwa anarudia, "Usimlipize yeye. Usimlipize yeye." Nilijua ananisema mimi, kwamba Mungu asimlipize mtoto kwa kosa la mdomo wangu. Nikahama nikakaa mwisho wa benchi.

Mtoto alitoka kimya. Nesi alisema hivyo baadaye, kwamba alitoka kimya, wakamsugua, wakampiga, na walipokuwa wanakata tamaa akatoa sauti kama mlango mbovu. Mama alipoteza damu nyingi. Alilala siku na siku, macho meupe, hajui jina lake, na maziwa hayakumjia. Zile pesa, zilizokusanywa kwa ajili ya chumba na kuni, Bi Zaituni alikataa kuzipokea kwa chumba. Zikanunua maziwa ya kopo. Nilikuwa naenda nazo dukani mimi, na mwenye duka kila mara alikwangua senti kwa ukucha kabla ya kuitia sandukuni, akainusa, akanitazama. Kila kopo lilinukia nta mikononi mwangu. Mama alipopata fahamu na kuonyeshwa mtoto, alimtazama, akauliza, "Wa nani huyu?" Hakuthubutu kuuliza zaidi.

Ndiye Daudi, mdogo wangu. Anaishi Nzega, ana wajukuu, ana kelele, anadai mimi ndiye niliyemharibu masikio kwa mayowe ya kwa Mwarabu.

Jambo moja tu lilibaki likinisumbua. Tangu mwaka ule Bwana Nasoro alipasua nta ya baba, kila donge, kama ya watu wengine. Niliona ni uonevu. Alikuwa amekuta pesa ndani, si jiwe. Pesa za watu safi. Lakini baba hakulalamika. Alifikisha gunia, akatoa donge moja moja kwa mikono yake, akalishikilia mezani ili lisiteleze, na Bwana Nasoro akapasua. Miaka yote, mpaka baba alipoacha kazi.

Nilipokuwa mtu mzima niliingia katika biashara hiyo hiyo ya nta. Haikupita muda mrefu mikono ikajua. Ukishainua madonge kwa siku chache tu, lenye kitu ndani unalitambua kabla hujalitoa chini, mkono unashuka nalo wenyewe. Siku moja nilishika donge la mtu lenye jiwe, na nikabaki nimesimama nalo. Baba alikuwa ameinua nta tangu utoto wake.

Nikafunga safari kwenda kijijini. Baba alikuwa mzee, amekaa uani anaota jua, na mama alikuwa jikoni anakaanga karanga, anaimba wimbo wa kanisani, anakosea maneno kama kawaida yake. Nikaketi karibu na baba. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, asubuhi ile alipolitoa donge uvunguni, kama hakusikia uzito.

Aligeuza kiganja chake juu, akakitazama.

"Nilisikia," akasema.

"Ukadhani kuna nini?"

"Mawe. Nilidhani mama yako ametia mawe." Akatazama upande wa jikoni. "Nikasema moyoni, kumbe na yeye amefika huko. Nikalifunga katikati ya mengine, lisionekane."

Jikoni mama alinyamaza kidogo, akageuza karanga, akaendelea na wimbo. Baba alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa bado na nguvu.

"Usije ukamwambia," akasema, "kwamba nilimdhania hivyo."

Sikumwambia. Wote wawili wamelala sasa, nyuma ya pale palipokuwa na zizi, karibu na wale wadogo. Ninyi ndio wa kwanza kusikia.